Shoka la babu na mashoka ya Connecticut

Najua nimeadimika hapa kijiweni. Zamu za usiku zimenikaba, na mkiniona nimenyamaza jueni nimelala mchana kama popo.

Leo sina habari za theluji. Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Sumbawanga. Wanunuzi wa chuma chakavu wamepita, wameliona shoka la babu na wanalitaka kwa kilo. "Dada, si limekaa tu stoo?" Nikamwambia asubiri. Jumapili nilikuwa na mapumziko, nikaenda Collinsville, mji mdogo karibu na Hartford, kwenye jumba la makumbusho. Nilikuwa na swali moja: kwa nini mashoka ya zamani hayatengenezwi tena?

Collinsville ulikuwa mji wa mashoka. Mwaka 1826 ndugu wawili, Samuel na David Collins, pamoja na binamu yao William Wells, walianzisha kiwanda pale kando ya mto Farmington. Kabla ya hapo, shoka lilifuliwa na mhunzi wa kijiji mmoja mmoja, na mara nyingi mnunuzi alilinoa mwenyewe. Collins wakaleta mitambo iliyoendeshwa na maji, wakauza mashoka yaliyokwisha kunolewa. Mapanga yao yalifika hadi Amerika ya Kusini.

Enzi hizo Marekani ilikuwa na mashoka ya kila umbo: Connecticut, Jersey, Kentucky, Michigan, Dayton. Kila eneo lilikuwa na miti yake na mazoea yake, na mkata miti hakukubali shoka la jirani. Kulikuwa na shoka pana, bapa upande mmoja, la kuchonga gogo liwe boriti ya mraba au mataruma ya reli. Na kulikuwa na lile la Wajerumani wa Pennsylvania lenye umbo la bawa la bata bukini, kazi ya siku nyingi kwa mhunzi.

Basi yalikwenda wapi? Kwanza, kazi yenyewe ilikufa. Mashine za kupasua mbao zilipoenea, nani angechonga boriti kwa mkono? Shoka pana likabaki bila kazi. Baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja chenso nyepesi za mtu mmoja. Mwaka 1947 Joseph Cox wa Oregon akatoa mnyororo mpya wa chenso wenye meno aliyoyabuni kwa kumtazama funza anayetafuna mti. Mkata miti akalitua shoka la kuangushia miti.

Pili, gharama. Zamani chuma cha pua kilikuwa ghali, kwa hiyo mhunzi alikunja chuma laini kupata tundu la mpini, kisha akapachika kipande kidogo cha pua kwenye makali tu. Pua iliposhuka bei katika karne ya 19, kichwa kizima kikatengenezwa kwa pua. Na kila umbo linahitaji kalibu zake kiwandani. Wanunuzi wakipungua, mwenye kiwanda hubakiza maumbo machache yanayouzika kwa kila mtu. Collins wenyewe walifunga mwaka 1966. Wachache bado wapo, kama Council Tool wa North Carolina na Gränsfors Bruk wa Sweden, lakini shoka la kufuliwa kwa mkono si la bei ya mkulima.

Hata sisi wauguzi tunalijua hili. Bomba za sindano za kioo za kuchemsha hazikuwa mbaya. Zilikuja za kutumia mara moja, na zile zikabaki kabatini.

Nikiwa pale nikalikumbuka la babu. Halina tundu. Ubavu wake umechongoka nyuma kama mkia, ukapenyezwa kwenye kifundo kinene cha mpini. Ukikata, pigo linauzidisha kukaza. Nilidhani ni ushamba, kumbe ni akili: umbo lile linatumia chuma kidogo. Na chuma Ufipa kilikuwa jasho. Wazee waliyeyusha mawe kwenye malungu, tanuri refu kuliko mtu lililovuta hewa lenyewe, kisha wakakisafisha kwenye tanuri dogo la mivukuto, kintengwe. Chuma cha viwandani kilipoingia wakati wa ukoloni, malungu yakazimwa. Wahunzi wakafua springi za magari, na dukani likaja shoka lenye tundu.

Kwa hiyo halikushindwa kwa ubovu. Lilikuwa jibu la uhaba wa chuma, na uhaba ukaisha. Lakini Collinsville wameweka yao kwenye kabati la kioo, mimi mgeni nikajifunza. La kwetu likiyeyushwa, mjukuu atajifunza kwa nani?

Mdogo wangu, ukisoma hapa: bei ya kilo nitakutumia mimi mwisho wa mwezi. Lipake mafuta lisile kutu, litundike sebuleni. Na baba mdogo bado ana kumbukumbu, mkae naye, akusimulie nani alilifua, uandike kwenye daftari.

Haya, naingia zamu. Msalimieni mama.