Msimamizi wa moto kazini: wajibu wake ni upi?

Ukiuliza hotelini au dukani nani msimamizi wa moto, mara nyingi utaonyeshwa mtungi mwekundu ukutani. Mtungi haumtoi mtu nje. Msimamizi wa moto ni mfanyakazi kama wengine, awe karani, mpishi au mlinzi, aliyefunzwa kuhakikisha watu wote wanatoka salama.

Hapa Kenya, Kanuni za Kupunguza Hatari ya Moto za mwaka 2007 zinamtaka mwajiri awe na kikosi cha wafanyakazi waliofunzwa kukabili moto, na mazoezi ya kutoka yafanywe angalau mara moja kila miezi 12.

Kazi yake kubwa ni ya kila siku, kabla ya moto. Hukagua kama milango ya dharura inafunguka, njia hazina makreti wala magunia, nyaya hazijachunika na mipira ya gesi jikoni haivuji. Kwetu pwani kuna na makuti: yakishika moto, upepo hurusha cheche hadi paa la jirani. Jiko na makuti visikaribiane.

Moto ukizuka, hupiga kengele, huwatoa watu na huhakikisha zimamoto wameitwa. 999 au 112. Hupitia vyoo na stoo kama ni salama, kisha hufunga milango bila kutia kufuli, moshi usisambae. Nje, huwahesabu watu mahali pa kukusanyikia na kuwaambia zimamoto nani hajaonekana. Harudi ndani.

Mtungi ni wa moto mdogo tu, na mlango uwe nyuma yako. Vuta pini, elekeza kwenye shina la moto, bana, pepea kulia na kushoto. Mafuta yanayowaka na umeme havimwagiwi maji.

Mwaka 2001, wanafunzi 67 wa shule ya Kyanguli, Machakos, walikufa bwenini. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa, na madirisha yalikuwa na vyuma.

Wenye maduka wetu nao hufunga mlango wa nyuma wakihofia wezi. Basi msimamizi apewe mamlaka ya kumwambia tajiri, "Fungua," na tajiri afungue. Asipokuwa na uwezo huo, cheo chake ni jina tu. Mali hutafutwa tena. Roho haina badali.