Saa Moja Baada ya Pazia: Historia Fupi ya Mafunzo ya Wanahabari Wahakiki wa Thieta nchini Marekani

Historia ya uhakiki wa thieta katika magazeti ya Marekani huandikwa kwa kufuata majina: Brooks Atkinson, Walter Kerr, Clive Barnes. Makala haya yanauliza swali tofauti, yaani wahakiki wa aina hiyo walijifunzia wapi kazi yao. Yanadai kwamba suala zito katika historia ya mafunzo hayo si ujuzi wa tamthiliya bali ni muda: mwandishi ana haki ya kuliona onyesho lini, na apewe saa ngapi kabla ya kulihukumu?

Kwa miongo mingi chumba cha habari ndicho kilichokuwa chuo. Atkinson, aliyehakiki thieta katika New York Times kuanzia 1925 hadi 1960, aliiacha kazi hiyo kwa muda wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akaenda kuripoti kutoka China, kisha Moscow. Tuzo ya Pulitzer aliyoipata mwaka 1947 ilitokana na taarifa zake za Moscow, wala haikuhusu thieta. Kitengo cha uhakiki kilianzishwa mwaka 1970 tu. Mhakiki, kwa hiyo, alikuwa ripota aliyetumwa ukumbini. Pazia la usiku wa uzinduzi likishafungwa, alikuwa na saa moja hivi ya kuandika kabla gazeti halijaenda mitamboni. Kerr alikuwa amefundisha drama katika Catholic University jijini Washington, lakini naye aliikuta saa ile ile ikimngoja.

Mwaka 1966 Stanley Kauffmann, mhakiki mpya wa New York Times, alijaribu kuivunja desturi hiyo kwa kuhudhuria onyesho la mwisho la awali badala ya usiku wa uzinduzi. Mtayarishaji David Merrick hakukubali. Kauffmann alipotarajiwa kuitazama Philadelphia, Here I Come! ya Brian Friel, Merrick alilifuta onyesho la usiku huo kwa madai kwamba panya ameingia kwenye jenereta. Kisa hiki husimuliwa kama kichekesho, na kweli kinachekesha. Lakini ndani yake mna hoja nzito. Kabla ya uzinduzi, onyesho ni mali ya wanaolitengeneza. Mhakiki anayeliona likiwa halijaiva anahukumu nini hasa? Kauffmann hakudumu katika nafasi hiyo hata mwaka mmoja.

Kazi zisizoiva ndizo zilizokuwa shughuli kuu ya Eugene O'Neill Theater Center, kituo kilichoanzishwa na George C. White mwaka 1964 huko Waterford, Connecticut. Wakati wa kiangazi waandishi wa tamthiliya walileta hapo miswada yao, ikasomwa na waigizaji, ikajadiliwa na kuandikwa upya. Ma Rainey's Black Bottom ya August Wilson ilipitia hapo mwaka 1982. Mwaka 1968 kituo kikaongeza taasisi ya wahakiki, National Critics Institute. Wanahabari walitazama maonyesho, wakaandika usiku, na asubuhi maandiko yao yakachambuliwa mbele ya wenzao na wahakiki wazoefu.

Sidai kwamba mgogoro wa 1966 ndio uliozaa taasisi hiyo. Ninachokiona ni kwamba saa ya gazeti haikufutwa. Iligeuzwa kuwa zoezi, huku mhakiki akiishi jirani na watu ambao kazi yao bado inachemka. Edith Oliver wa jarida la New Yorker aliuvuka mpaka kabisa, akahudumu hapo kwa miaka mingi kama mshauri wa waandishi wa tamthiliya. Wapo watakaosema ujirani huo hulainisha kalamu. Hatari hiyo ipo, ingawa ujinga kuhusu namna onyesho linavyotengenezwa ni hatari kubwa zaidi.

Kwa msomaji wa Kiswahili, neno uhakiki linahitaji tahadhari hapa. Katika taaluma yetu huelekea zaidi kwenye matini, na mhakiki wa tamthiliya anaweza kurudi ukurasa wa kumi apendavyo. Mwanahabari wa Waterford hana ukurasa wa kurudia. Ana kumbukumbu na vidokezo alivyoviandika gizani.

Tangu 2014 taasisi hiyo imeongozwa na Chris Jones wa Chicago Tribune, katika kipindi ambacho magazeti mengi ya Marekani yamefuta nafasi ya mhakiki wa kudumu. Zoezi la usiku limebaki; meza ya habari ambayo zoezi hilo lilimwandaa mtu aikalie imezidi kuwa adimu.