Usukani wa Gari Lililoinuliwa: Sura ya Historia ya Ufundi katika Unguja na Afrika Mashariki tangu 1948

1.0 Utangulizi

Historia ya magari katika Afrika Mashariki imeandikwa zaidi kwa kufuata mambo mawili: barabara na umiliki. Tunafahamu ni serikali ipi ilijenga barabara ipi, nani aliruhusiwa kuingiza gari na nani alinyimwa ruhusa hiyo. Yaliyotokea baada ya gari kushushwa bandarini na kukabidhiwa fundi hayajaandikwa kwa kiasi hicho. Insha hii inajadili sehemu moja ya kazi ya fundi huyo, nayo ni kubadili na kuimarisha viungo vya usukani katika gari la njia mbovu ambalo bodi yake imeinuliwa juu zaidi ya kimo kilichowekwa na kiwanda.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kuinua gari na kurekebisha usukani wake ni kazi moja, wala si kazi mbili. Hata hivyo, kuinua kunaonekana na kila apitaye njiani, ilhali usukani umefichika chini ya chasisi. Kwa sababu hiyo mnunuzi hulipia kimo, mtazamaji husifu kimo, na mwanahistoria naye huandika kuhusu kimo. Gharama ya upungufu huo wa kutazama humwangukia dereva na abiria wake.

2.0 Msamiati kama Ushahidi

Pale ambapo nyaraka za gereji hazikuhifadhiwa, lugha yenyewe ni chanzo cha historia. Katika Unguja neno usukani lilitangulia gari kwa karne nyingi. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni ubao uliofungwa tezi ya chombo ili kukiongoza baharini. Neno gari nalo lilitoka Bara Hindi na lilitumika kwa chombo cha kukokotwa kabla ya kuwako injini. Kwa hiyo gari la mota lilipofika visiwani lilikuta majina yake mawili makuu yakiwa tayari.

Mambo ni tofauti chini ya chasisi. Tairodi, dragilinki, boli jointi, springi, shokapu na chasisi yenyewe ni maneno yaliyotoka Kiingereza na kupokea sauti za Kiswahili. Mgawanyiko huu unatufundisha jambo. Kile anachokishika dereva kilipewa jina la zamani kwa kuwa kazi yake ilifahamika tangu enzi za jahazi. Kile anachokishika fundi kilikuja na jina lake, likajifunzwa kwa kuzifungua mashine hizo na kuzifunga upya. Katika gereji ya Ng'ambo, hivyo basi, fundi huzungumza kwa matabaka matatu ya historia ndani ya sentensi moja: bahari ya Waarabu, biashara ya Wahindi na viwanda vya Uingereza. Hata pale vipuri vilipoanza kutoka Japani, majina ya Kiingereza yalibaki, jambo linaloonyesha kwamba ufundi ulikwisha kuwa na lugha yake kabla ya kubadilika kwa chanzo cha magari.

3.0 Ardhi, Barabara na Sababu ya Kuinua

Unguja ni kisiwa chenye ardhi za namna mbili. Upande wa magharibi na katikati una udongo wenye kina, na humo ndimo mikarafuu na minazi ilimopandwa kwa wingi. Upande wa mashariki na kusini ni uwanda wa mawe ya matumbawe, wenye udongo haba na njia za miamba yenye makali. Usafiri wa kikoloni ulifuata mazao. Reli iliyofunguliwa mwaka 1905 kutoka mjini hadi Bububu, umbali wa takriban maili 7, ilipita upande wa magharibi. Kwa msafiri wa Makunduchi, Michamvi au Matemwe, swali la chombo kiwezacho kupita juu ya jiwe lilikuwa zito kuliko swali la mwendo.

Majibu ya swali hilo yalikuja kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa gari la abiria lenye bodi ya mbao, lililojengwa hapa hapa kisiwani juu ya chasisi ya lori dogo lililoagizwa. Magari ya aina hiyo yamehudumia njia za mji na shamba, kuanzia namba 501 ya Amani hadi namba 310 ya Makunduchi. Umuhimu wake kwa mjadala huu ni kwamba yalimzoesha fundi wa Unguja kuiona chasisi kuwa mwanzo wa kazi, kitu cha kujengewa na kubadilishwa kulingana na njia.

Njia ya pili ilikuwa gari lililobuniwa kwa ajili ya njia mbovu. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam mwezi Aprili 1948, na katika makoloni ya Uingereza ikawa gari la maofisa, la watafiti na la miradi. Toyota ilianza kutengeneza gari lake la aina hiyo mwaka 1951, ikalipa jina la Land Cruiser mwaka 1954, na mwaka 1984 ikatoa toleo la 70 ambalo limeenea katika Afrika Mashariki yote. Mwaka huo huo wa 1984, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, Zanzibar ilianza kulegeza masharti ya biashara baada ya bei ya karafuu kuporomoka. Magari yaliyotumika Japani yalifaa sana soko la hapa, kwa kuwa Wajapani nao hupita kushoto na usukani wa magari yao uko kulia. Utalii ulipokua katika miaka iliyofuata, magari madogo ya Suzuki yenye uwezo wa kupita njia mbovu yakawa chombo cha kukodisha kwa wageni waendao pwani ya mashariki.

Magari hayo yalifika yakiwa na kimo cha kiwanda. Kuyainua ili yapishe mawe na yapokee matairi makubwa kulikuwa hatua iliyojitokeza yenyewe: kuongeza majani ya springi, kurefusha vipande vinavyoning'iniza ncha ya springi, au kuihamisha springi kutoka chini ya ekseli na kuifunga juu yake.

4.0 Kinachotokea kwa Usukani

Ili hoja ieleweke ni lazima tuingie katika jiometri kidogo. Katika gari lenye ekseli nzima ya mbele, boksi ya stelingi imefungwa kwenye chasisi, ilhali magurudumu yamefungwa kwenye ekseli. Kiungo kinachoyaunganisha mawili hayo ni dragilinki. Springi inapojikunja na kujinyoosha, upande mmoja wa dragilinki hupanda na kushuka na ekseli, na upande wa pili hubaki mahali pake. Kiwanda hulilaza dragilinki karibu na mlalo kwa sababu fimbo iliyolala haibadili sana umbali wake wa mlalo inapopanda au kushuka kidogo.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme dragilinki lina urefu wa milimita 800 na limelala sawasawa, na ekseli husogea juu na chini tu. Gurudumu likipanda milimita 50 kwenye jiwe, umbali wa mlalo kati ya ncha mbili za fimbo hupungua kwa takriban milimita 1.6. Sasa gari liinuliwe kwa milimita 100 bila kugusa usukani. Dragilinki litakuwa limeinama, na ncha yake ya upande wa gurudumu itakuwa milimita 100 chini ya ile ya chasisi. Gurudumu likipanda milimita 50 zile zile, umbali hubadilika kwa takriban milimita 4.7, likishuka milimita 50, hubadilika kwa takriban milimita 7.9 kwa upande wa kinyume. Ikiwa mkono unaogeuza gurudumu una urefu wa milimita 150, zile milimita 4.7 zinatosha kuligeuza gurudumu kwa karibu digrii 1.8, na dereva hajausogeza usukani hata kidogo. Gari linajigeuza lenyewe kila linapokanyaga tuta au shimo.

Madhara ya pili yanahusu mwinamo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia. Mwinamo huo ndio unaolifanya gurudumu lijirudi lenyewe baada ya kona. Namna nyingi za kuinua huizungusha ekseli kidogo na kuupunguza, hata gari likawa jepesi kupita kiasi na kutangatanga katika mwendo wa kasi. Madhara ya tatu yanahusu mzigo. Tairi kubwa na zito hulazimisha nguvu kubwa zaidi kupita katika tairodi na boli jointi zilizotengenezwa kwa tairi dogo.

Ni muhimu kutambua pia mahali ambapo hatari hudhihirika. Katika njia ya mawe gari huenda polepole, na kasoro hizi huvumilika. Barabara za lami zilipofika mashariki ya kisiwa, gari lile lile lililoinuliwa kwa ajili ya mawe lilianza kukimbia kwenye lami. Maendeleo ya barabara yaliipunguza sababu ya kuinua na wakati huo huo yakaongeza hatari ya kuinua vibaya.

5.0 Tiba na Mipaka Yake

Tiba zinazojulikana duniani ni chache, na kila moja ina gharama yake. Ya kwanza ni kuubadili mkono wa boksi ya stelingi kwa mkono ulioshuka chini zaidi, ili dragilinki lirudi kwenye mlalo. Ya pili ni kulifunga dragilinki juu ya mkono wa gurudumu badala ya chini yake. Ya tatu ni kutumia tairodi nene na boli jointi kubwa. Ya nne ni kuingiza kabari ya chuma kati ya springi na ekseli ili kurudisha mwinamo uliopotea. Baadhi huongeza shokapu ya usukani, lakini kifaa hicho hutuliza mtikisiko bila kuondoa chanzo chake, na kwa hiyo kinaweza kumficha dereva ugonjwa unaoendelea.

Kanuni inayozitawala tiba zote ni kwamba kuimarisha kiungo kimoja ni kuuhamishia mzigo kiungo kinachofuata. Tairodi isiyopinda huipeleka nguvu kwenye boli jointi. Boli jointi isiyolegea huipeleka kwenye boksi. Na boksi iliyokazwa huipeleka kwenye chasisi, ambako kutu ya hewa ya chumvi imekwisha kufanya kazi yake. Land Rover za zamani ziliidhihirisha kanuni hii vizuri. Mfumo wake wa usukani ulikuwa na fimbo tatu na boli jointi sita, na kulegea kidogo kwa kila moja kulijumlishwa hadi kufika mkononi mwa dereva. Fundi aliyebadili moja na kuacha tano hakuwa ameponya chochote.

Kipuri sahihi kisipopatikana, huja kishawishi cha kuipasha moto fimbo ya usukani na kuipinda, au kuikata na kuichomelea. Hapa ndipo tofauti kati ya ubunifu na hatari inapokuwa nyembamba mno. Viungo hivi hupewa ugumu wake kiwandani kwa kupashwa joto na kupozwa kwa vipimo, na moto wa gereji unaweza kuuondoa ugumu huo bila kuacha alama ionekanayo. Springi ikivunjika, gari huinama. Kiungo cha usukani kikivunjika, gari halina kiongozi.

6.0 Nafasi ya Fundi katika Historia

Je, wanazuoni wamempa fundi nafasi gani? Kenneth King aliwaandika mafundi wa Kenya katika miaka ya 1970. Kurt Beck amechunguza jinsi mafundi wa Sudan walivyoyajenga upya malori ya Bedford kwa ajili ya jangwa. Joshua Grace, katika kitabu chake cha mwaka 2021 kuhusu Tanzania, ameonyesha kwamba gereji ilikuwa mahali pa kuzalisha maarifa. Kazi hizi zimeivunja dhana ya kwamba Mwafrika alikuwa mtumiaji tu wa gari.

Historia ya mbio za magari inatoa ushahidi wa namna hiyo hiyo. Mashindano yaliyoanza mwaka 1953 kupitia Kenya, Uganda na Tanganyika yakawa mtihani wa hadhara wa kila kiungo cha gari. Mwaka 1965 yalishindwa na Joginder Singh wa Kenya akiendesha Volvo PV544 iliyokwisha tumika. Ushindi wa gari kuukuu dhidi ya magari mapya ulithibitisha thamani ya matayarisho, ingawa kumbukumbu za mashindano huhifadhi zaidi majina ya madereva.

Hata hivyo, kumsifu fundi kwa ujumla hakutoshi. Ikiwa tunakubali kwamba kazi yake ni maarifa, basi ni lazima tukubali pia kwamba inaweza kupimwa, kukosolewa na kusahihishwa kama maarifa mengine yoyote. Sifa isiyo na vipimo humwacha fundi hodari na fundi mzembe katika fungu moja, na abiria hana njia ya kuwatofautisha.

7.0 Hitimisho

Insha hii imeonyesha kwamba gari lililoinuliwa ni waraka unaosomeka. Pembe ya dragilinki, unene wa tairodi, alama ya kuchomelea na kabari iliyo juu ya ekseli humwambia mtafiti ni njia gani gari lilikusudiwa kupita, vipuri gani vilipatikana, na fundi alifahamu nini. Ushahidi huo haupatikani katika daftari la usajili wala katika hati ya forodha. Unapotea kila gari linapouzwa kama chuma chakavu.

Mapendekezo mawili yanafuata. Kwanza, watafiti wa historia ya Zanzibar wayapime na kuyachora magari haya, pamoja na kukusanya msamiati wa mafundi, kabla hayajatoweka. Pili, vyuo vya mafunzo ya amali vifundishe jiometri ya usukani kwa Kiswahili, kwa kutumia maneno ambayo gereji imekwisha kuyazoea. Wilaya ya Mjini na mitaa yake, Amani ikiwamo, ina mafundi wenye mikono iliyozoea kazi. Wanachohitaji ni hesabu ile ya milimita 800 iandikwe kwa lugha yao na kuwekwa ukutani, mahali ambapo anayekuja kuinua gari lake ataiona kabla ya kulipa.