Viungio vya Hosi za Rejeta katika Gari la Kujiundia

Viungio vya hosi za rejeta ni sehemu zinazoshikanisha mipira ya kupitisha kulanti, yaani maji ya kupozea injini, na injini, rejeta, hita na mabomba ya chuma yaliyo kati yao. Gari linapotoka kiwandani, kila hosi imekwisha kufinyangwa kwa umbo lake na mnunuzi hana la kuchagua. Kwenye gari la kujiundia, yaani lile linalouzwa kwa vipande ili mwenyewe alifunge, uamuzi wote ni wa mjenzi.

Magari haya yalijipatia jina Uingereza kupitia Lotus Seven ya mwaka 1957, ambayo aliyeinunua kwa vipande aliepuka kodi iliyotozwa gari zima. Kampuni ya Caterham iliichukua Seven mwaka 1973. Kule Marekani, kampuni ya Factory Five ya Wareham, Massachusetts, iliyoanzishwa mwaka 1995, inajulikana kwa magari yanayofuata umbo la gari la michezo la Cobra. Urefu wa hosi hutegemea rejeta iko wapi. Seven ina rejeta karibu kabisa na injini, kwa hiyo hosi zake ni fupi. Ultima GTR ni habari nyingine: injini ya V8 ya Chevrolet imekaa nyuma ya dereva na rejeta iko mbele puani, hivyo maji hupita urefu wote wa chumba cha abiria, kwenda na kurudi. Hapo ndipo viungio huongezeka, na kila kiungio ni mahali pengine pa kuvuja.

Wajenzi wengi hutumia fedha kwenye hosi ya rangi nzuri na kusahau ncha ya bomba inayovalishwa hosi hiyo. Ni kosa. Bomba la alumini lililokatwa likaachwa laini halina cha kuizuia hosi isichomoke mfumo ukishapata presha ya takriban baa 1. Ncha inatakiwa iwe na ukingo ulioinuka kuizunguka kama milimita 2, hosi ivuke ukingo huo, na klipu ikae nyuma yake, si juu yake. Klipu ikifungwa juu ya ukingo hukata mpira. Ikifungwa mwishoni kabisa mwa hosi huteleza. Mahali ambapo hakuna mashine ya kuinua ukingo, fundi wa kuchomelea anaweza kuzungushia mstari mwembamba wa welidi kisha akaupiga msasa mpaka usiwe na makali.

Klipu ya kukaza kwa bisibisi ilibuniwa na Lumley Robinson, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, mwaka 1921, na chapa yake ya Jubilee ingali sokoni. Ni klipu nzuri, ila haifuati mpira unaponywea. Mpira hubonyea na kutulia kwa miaka, na asubuhi ya baridi tone huonekana chini ya gari ambalo jana jioni lilikuwa kavu. Klipu ya springi huendelea kubana yenyewe, ndiyo maana viwanda vingi vya magari huipendelea. Hosi ya silikoni inadai uangalifu zaidi: ni laini, na klipu yenye matundu huiuma na kuitoboa taratibu. Itafutiwe klipu yenye utepe laini upande wa ndani.

Silikoni huvumilia joto kuliko mpira wa kawaida wa EPDM, lakini hupitisha mvuke wa maji kidogokidogo, na hakuna kati ya hizo mbili inayopatana na oili. Kwa hiyo hosi ivalishwe kwa maji ya sabuni, kamwe si kwa grisi. EPDM nayo ina ugonjwa wake: wahandisi wa kampuni ya hosi ya Gates walibaini kwamba umeme mdogo unaozalika kati ya kulanti na vyuma huipasua hosi kutoka ndani, hasa karibu na ncha. Kwa nje hosi huonekana nzima. Injini ikiwa imepoa, ibonyezwe kwa vidole karibu na klipu, kisha katikati. Tofauti ya ulaini au mpasuko ulio ndani huhisika.

Viungio vya nyuzi vya AN, vyenye mdomo wa pembe ya digrii 37, huvutia kwa sura na havichomoki. Namba yake huhesabu sehemu za 16 za inchi, hivyo AN-16 ni ya bomba la inchi 1 kwa nje. Tundu lake la milimita 22 hivi lina eneo chini ya nusu ya hosi ya milimita 32. Kwenye njia kuu ya maji ya V8, hiyo ni kuikaba injini.

Viwiko vya plastiki ni vya kuepukwa karibu na injini. Vile vya injini ya V6 ya Buick 3800 vilijulikana kwa kukauka na kumeguka ndani ya mashimo yake.

Mabomba marefu nayo hayapaswi kufungwa kwa ugumu pande zote. Alumini ya mita 1.5 ikipanda joto kwa digrii 70 hurefuka milimita 2.4, na injini hutikisika juu ya mipira inayoishikilia. Kipande cha hosi kati ya bomba na injini kiachiwe nafasi ya kupinda, na bomba lishikiliwe na vishikizo vyenye mpira. Kabla ya kuwasha injini, mfumo ujazwe, upigwe presha kwa pampu ya mkono hadi kiwango cha mfuniko wa rejeta, na uachwe ili ionekane kama presha inashuka. Baada ya injini kupata moto na kupoa kabisa mara ya kwanza, kila klipu ya bisibisi ikaguliwe na kukazwa tena.