Mahindi Yalikuja Bila Mpishi

Katika miji ya Meksiko mna migahawa midogo iitwayo fonda, ambamo mafundi, makarani na wapagazi hula chakula cha mchana kwa bei nafuu, katika meza zisizo na madaha. Mtu wa Mikindani au wa Msimbati akiketi humo ataletewa vyakula asivyovijua kabisa, lakini vilivyopikwa kwa vitu avijuavyo tangu utotoni: mahindi, maharagwe, nyanya, maboga, pilipili, na papai la kumalizia. Ataona tortila, mkate mwembamba wa mahindi mfano wa chapati, uliookwa katika kikaango kikavu. Ataona tamale, unga wa mahindi uliofungwa ndani ya maganda ya mahindi yenyewe na kupikwa kwa mvuke. Ataona mchuzi mzito wa pilipili uitwao mole. Kila kilichomo sahanini aweza kukitaja kwa Kiswahili, ila chakula chenyewe hana jina lake.

Na tuseme mgeni wa Meksiko naye ashuke Mtwara, aingie kwa mama lishe karibu na soko. Atapewa ugali wa mahindi au wa muhogo, samaki wa kukaanga, kisamvu cha nazi, maharagwe, na pilipili pembeni. Hivi wenyeji huviita vyakula vya asili, wala hawasemi uongo, maana babu zao na babu za babu zao walivila. Hata hivyo, ukiondoa samaki na nazi, karibu vyote vilizaliwa ng'ambo ya Atlantiki. Mahindi yalianza kulimwa yapata miaka 9,000 iliyopita katika bonde la mto Balsas, kusini-magharibi ya Meksiko, kutokana na nyasi za mwitu ziitwazo teosinte. Muhogo ulitoka Amerika ya Kusini, na mkorosho, mti ambao leo haiwezekani kuutenga na jina la Mtwara, ulitoka Brazili.

Kabla ya hayo pwani ilikula vingine. Wachimbuzi wa mambo ya kale waliochunguza Tumbe, kisiwani Pemba, wamekuta kwamba kati ya karne ya 7 na ya 10 nafaka iliyotangulia zote ilikuwa uwele. Na katika mji wa Chwaka, uliofuata jirani na hapo, mchele ukashika nafasi yake. Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331 hata akafika Kilwa, aliandika jinsi alivyokirimiwa Mogadishu: wali wa samli, ndizi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Pilipili hiyo haikuweza kuwa hii tuijuayo leo, ambayo wakati ule haijatoka Amerika. Yamkini ilikuwa ya jamii ya pilipili manga. Jina lilitangulia, mmea ukaja baadaye ukalikalia. Mahindi nayo yakapewa jina la Uhindi, nchi yasikotoka, na Wachewa wa Malawi wakayaita chimanga, kana kwamba yametoka Manga. Kila watu waliyataja kwa mlango waliodhani yamepitia.

Mlango wa kweli ulikuwa wa Wareno. Columbus alifika visiwa vya Amerika mwaka 1492, Vasco da Gama akapita pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1498, na Kilwa ikatekwa mwaka 1505. Baadaye Wareno wakakaa Ibo na visiwa vingine vya Cabo Delgado, kusini ya mlango wa Ruvuma. Mkulima hakulazimishwa kuupokea mmea mpya. Alikuwa na sababu zake. Shuke la mtama huwa wazi, na watoto hushinda shambani wakifukuza ndege, lakini hindi huja limevaa maganda. Muhogo hustahimili mchanga wa nyanda za Makonde, nzige hawaufikii mzizi wake, na ule mchungu hata nguruwe mwitu huuogopa.

Lakini mbegu ikipanda chombo, mpishi hupanda naye mara chache. Huko Meksiko mahindi hayasagwi hivi hivi. Huchemshwa kwa chokaa, yakalala usiku kucha, maganda yakatoka, ndipo yakasagwa yangali mabichi; kazi hiyo huitwa nishtamali, na ndiyo inayoifanya tortila iwe tortila. Sayansi imeeleza faida yake: chokaa huifungua vitamini ya niasini iliyofungika ndani ya punje. Wasiojua hila hiyo, wakala mahindi matupu, hupatwa na pelagra, maradhi yanayobabua ngozi, kuharisha, na mwisho kuvuruga akili. Daktari Gaspar Casal aliyaona mwaka 1735 miongoni mwa mafukara wa Hispania, walioyapokea mahindi bila chokaa yake.

Ajabu ni kwamba chokaa pwani haikuwa haba. Watu walichoma matumbawe wakapata chokaa ya kujengea nyumba na misikiti, na hiyo hiyo wakaipaka katika tambuu wakaitafuna. Iliingia kinywani kila siku, na chunguni haikuingia, kwa kuwa hapana aliyekuja kuwaonyesha. Kilichowakinga wengi ni kitoweo: samaki, maharagwe, karanga. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi walipatwa na pelagra, wagonjwa zaidi ya 17,000. Posho yao ilikuwa mahindi, na karanga zilizokuwa zikiandamana nayo zilikuwa zimekosekana. (Serikali ya Kiingereza nayo iliipenda karanga, ila kwa mafuta yake tu: mradi ulioanza mwaka 1947, ukafika Nachingwea na kuiachia Mtwara bandari, ulivunjwa mwaka 1951 baada ya kumeza yapata paundi milioni 36.)

Muhogo mchungu ulidai elimu kubwa zaidi, kwa sababu una sumu. Huko ulikotoka hukunwa, hukamuliwa na kukaangwa, au hurowekwa siku kadhaa. Nyanda za Makonde hazina maji ya kuroweka. Tangu zamani wanawake wameshuka mabondeni na kupanda tena na mitungi vichwani. Basi wapishi wa huko wakaelekea jua: muhogo humenywa, hukatwa, huanikwa, ukawa makopa, kisha hutwangwa. Nalo jani, ambalo pia lina sumu, hutwangwa kinuni na kuchemshwa sana kabla ya kutiwa nazi. Ni kazi ya akili, na katika miaka ya mvua hutosha.

Mwaka wa ukame sumu huzidi mzizini, na mwenye njaa hawezi kungoja makopa yakauke vema. Ndivyo konzo ilivyouingia Mkoa wa Mtwara mwaka 2002 na 2003. Maradhi hayo, ambayo daktari Trolli aliyaeleza huko Kongo mwaka 1938, hupooza miguu ghafula, na aghalabu huwapata watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Aliyepooza hainuki tena kama alivyokuwa.

Dawa iliyopelekwa vijijini baada ya hapo si mashine wala mmea mgeni. Unga wa muhogo hulowanishwa kwa maji kidogo, hutandazwa mwembamba juu ya ungo au mkeka kivulini, na kuachwa muda wa saa tano, sumu ikapaa hewani. Jioni hiyo hiyo husongwa ugali.