Behewa Namba 2419

Behewa la abiria likishachoka, pa kwenda pamekuwa pachache siku zote. Mengi hukatwakatwa na kuuzwa chuma chakavu. Mengine husukumwa kwenye njia za pembeni yakaota majani mpaka madirishani, au yakageuzwa ghala, mkahawa, hata nyumba ya vibarua wa reli. Yanayofika makumbusho ni ya kuhesabu, na aghalabu hayachaguliwi kwa uzuri wake. Makumbusho ya Reli ya Nairobi yanalitunza behewa ambalo simba aliingia usiku akamuua ofisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, pale stesheni ya Kima mwaka 1900. Isingekuwa simba yule, nani leo angelikumbuka?

Wafaransa nao walikuwa na behewa la namna hiyo, lililohifadhiwa kwa sababu ya kilichotokea ndani yake. Lilijengwa mwaka 1914 huko Saint-Denis, jirani na Paris, na kampuni ya Wagons-Lits, ile iliyokuwa na mabehewa ya kulala na ya chakula katika treni za Ulaya nzima, Orient Express ikiwemo. Namba yake ilikuwa 2419. Lilikuwa behewa la chakula, bodi yake ya mbao za mtiki, na kazi yake kulisha abiria waliosafiri kutoka Paris kwenda magharibi mwa Ufaransa. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipokuwa ukingoni, jeshi likalitwaa. Meza za kulia zikatolewa, ikaingizwa meza moja kubwa, likawa ofisi ya Marshal Ferdinand Foch, kamanda mkuu wa majeshi ya Washirika.

Tarehe 8 Novemba 1918 treni mbili zilisimama msituni karibu na mji wa Compiègne, kwenye njia za reli zilizotandikwa kwa ajili ya mizinga mizito. Moja ilikuwa ya Foch. Nyingine ilileta ujumbe wa Ujerumani ukiongozwa na Matthias Erzberger, mwanasiasa, si mwanajeshi. Wajerumani walipewa saa 72 za kukubali au kukataa masharti ya kusitisha vita. Alfajiri ya tarehe 11, kwenye saa 11:20, saini zikatiwa, na saa 5:00 asubuhi hiyo bunduki zikanyamaza katika medani za magharibi mwa Ulaya.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana haki ya kusimama hapa kidogo. Kifungu cha 17 cha mkataba uliosainiwa ndani ya behewa lile kilihusu majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa yakipigana Afrika Mashariki: yaondoke katika muda utakaopangwa na Washirika. Wakati huo Paul von Lettow-Vorbeck na askari wake, wengi wao watu wa Tanganyika, walikuwa wamekwishaingia nchi ambayo leo ni Zambia. Habari ilimfikia tarehe 13 Novemba, siku mbili baada ya Ulaya kutulia, na ujumbe alioupata kutoka kwa Waingereza ulidai ajisalimishe bila masharti. Tarehe 25 akaweka silaha chini pale Abercorn, mji unaoitwa Mbala siku hizi. Alikuwa na Wazungu 155, askari zaidi ya 1,100, na wapagazi waliobeba mizigo ya vita ambayo haikuwa yao. Hakuna hata mmoja wa wapagazi hao aliyepata kuliona behewa lile.

Vita vilipokwisha, behewa lilirudishwa kwa kampuni, kisha likakabidhiwa serikali ya Ufaransa. Kuanzia mwaka 1921 lilisimama uani kwenye Makumbusho ya Jeshi mjini Paris, na nusura liishie hapo, maana mbao hazistahimili mvua na jua la mfululizo. Mwaka huohuo Erzberger aliuawa kwa risasi na Wajerumani wenye siasa kali ambao hawakumsamehe saini yake. Aliyeliokoa behewa ni tajiri mmoja wa California, Arthur Henry Fleming, aliyelipia ukarabati pamoja na jengo la kulihifadhi palepale msituni. Jengo lilizinduliwa Novemba 1927. Tangu hapo behewa likawa na paa juu yake, na watu wakawa wanakwenda kulitazama kama wanaokwenda kuzuru kaburi.

Juni 1940 Ufaransa ilishindwa, na Hitler alijua anachokitaka. Wanajeshi wake wakabomoa ukuta wa jengo, wakalivuta behewa mpaka pale hasa liliposimama mwaka 1918. Tarehe 21 aliingia na kuketi upande aliokaa Foch, akasikiliza utangulizi wa masharti, akainuka na kuondoka kabla hayajamalizika kusomwa. Kesho yake Jenerali Wilhelm Keitel na Jenerali Charles Huntziger wakatia saini. Kisha Hitler akaamuru eneo lote liharibiwe, isipokuwa sanamu ya Foch, iliyoachwa isimame peke yake ikitazama uwanja mtupu. Kisasi cha namna hii kinaonyesha jinsi lile behewa la chakula lilivyokuwa limepanda thamani: aliyeshinda hakuona ushindi umekamilika mpaka alikalie.

Lilipelekwa Berlin, likawekwa hadharani katika uwanja wa Lustgarten, wakazi wa jiji wakapita kulishangaa. Mabomu ya Washirika yalipozidi, likahamishiwa Thuringia, katikati ya Ujerumani. Huko, karibu na kijiji cha Crawinkel, liliteketea kwa moto mwaka 1945.

Wafaransa hawakukubali mahali pale msituni pabaki patupu. Kampuni ya Wagons-Lits ilikuwa bado na behewa la toleo lilelile, namba 2439, ambalo halikuwa na historia yoyote zaidi ya kupakua supu na mvinyo. Likatengenezwa lifanane na la Foch, likapewa namba 2419, na mwaka 1950 likaingizwa msituni. Ndimo alimokaa Rais Emmanuel Macron pamoja na Kansela Angela Merkel tarehe 10 Novemba 2018, miaka 100 ilipotimia kasoro siku moja. Picha zao zilizunguka dunia nzima, na huenda wengi waliozitazama waliamini wanaliona behewa la mwaka 1918.

Mimi sioni kosa kuweka ndugu mahali pa marehemu, mradi mgeni aambiwe. Ukibahatika kufika Compiègne, litazame behewa, lakini usiondoke kabla hujaviona vipande vichache vilivyosalia kutokana na moto wa Crawinkel. Hivyo ndivyo vilivyokuwapo msituni alfajiri ile.