Ukomo wa Umri Vyuoni na Mzigo wa Ushahidi

Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 kinautaja umri waziwazi miongoni mwa misingi ambayo mwajiri amekatazwa kuitumia kumbagua mfanyakazi. Hata hivyo, matangazo ya ajira serikalini, yakiwemo ya vyuo vikuu vya umma, yamezoea kutaka waombaji wasiozidi miaka 45, isipokuwa walio tayari kwenye utumishi. Makala haya yanadai kwamba anayeweka ukomo wa umri ndiye mwenye wajibu wa kuonyesha, kwa takwimu, kuwa unatimiza lengo analolitaja.

Kesi mbili za Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, zinafaa kutazamwa kwa makini. Uingereza ilifuta ukomo wa jumla wa kustaafu wa miaka 65 mwaka 2011, ila ikamwachia mwajiri nafasi ya kubaki na ukomo wake akithibitisha kwamba lengo ni halali na njia inalingana na lengo hilo. Oxford ikabaki na wake, ikitaja haki baina ya vizazi na usawa katika safu ya wanataaluma. Wasomi wawili waliostaafishwa, John Pitcher wa fasihi na Paul Ewart wa fizikia, wakashtaki. Pitcher alishindwa, Ewart akashinda, na mwaka 2021 mahakama ya rufani ya kazi ikaziacha hukumu zote mbili zisimame. Sera ilikuwa ileile; ushahidi ndio uliotofautiana. Ewart alikuja na hesabu zilizoonyesha kwamba sera hiyo iliongeza nafasi wazi kwa asilimia 2 hadi 4 tu. Faida hiyo ilikuwa haba mno kuhalalisha madhara kwa mtu anayeondolewa kazini.

Hesabu za namna hiyo ni nadra kudaiwa kwetu. Chukua hiyo 45. Ukiijumlisha na miezi 180 ya michango inayohitajika ili mtumishi apate pensheni, unafika 60, umri wa kawaida wa kustaafu kwa lazima. Kama hiyo ndiyo sababu, basi ni ya mhasibu, haihusiani na ufundishaji wala utafiti. Anayeumia ni mama aliyelea watoto kwanza ndipo akasoma shahada ya uzamivu, au mhandisi wa sekta binafsi anayetaka kufundisha alichokifanya kwa miaka 20.

Upande wa kutokea, marekebisho ya sheria yaliyofanywa mwaka 2018 yaliwaongezea maprofesa na wahadhiri waandamizi muda hadi miaka 65. Mhadhiri wa kawaida, mkutubi na fundi wa maabara wamebaki na 60. Kwa hiyo, mhadhiri ambaye faili lake la kupandishwa cheo limekwama kwenye kamati hupoteza cheo, kisha hupoteza na miaka mitano ya kazi.

Utetezi wenye uzito ni wa ajira kwa vijana. Wahitimu wa uzamili wanaosubiri nafasi ni wengi, na kilio chao ni cha haki. Lakini mara nyingi anayestaafu Juni huonekana Oktoba akifundisha somo lilelile kwa mkataba. Kijana hakupata nafasi, na mzee sasa anaitegemea hisani ya mkuu wa idara. Hapo ndipo ubaguzi hujificha vizuri zaidi, maana kunyimwa mkataba hakuhitaji maelezo.

Tunajipa moyo kwamba jamii inayoamkia kwa shikamoo haiwezi kuwabagua wazee. Heshima ya barazani haifiki kwenye kamati ya ajira, na ikifika huwaumiza vijana: mhadhiri wa miaka 30 hubebeshwa darasa la mamia ya wanafunzi, kisha hunyamazishwa kikaoni kwa kuwa “bado kijana”.

Vyuo vichapishe kila mwaka umri wa walioomba, walioajiriwa, waliopandishwa vyeo na waliopewa mikataba. Sharti la miaka 45 liondolewe kwenye nafasi za kitaaluma, na wanaoingia baadaye waajiriwe kwa masharti ya mkataba yaliyo wazi. Vigezo vya kuongezewa muda viandikwe, na anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi. Chuo kisichoweza kuutetea ukomo wake kwa takwimu hakina haki ya kuendelea nao.